Peugeot 504 kwenye Barabara za Leo: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kiachwe

Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alishinda Safari Rally akiendesha Peugeot 504. Mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akaipa Peugeot ushindi mwingine kwa 504 Coupé yenye injini ya V6, huku Vic Preston Junior wa Kenya akishika nafasi ya pili kwa Porsche 911. Miaka hiyohiyo 504 za steshen wageni, zenye safu tatu za viti, zilikuwa zikisomba abiria wa masafa marefu nchini Kenya usiku na mchana. Ni magari machache duniani yaliyowahi kushinda mashindano makubwa na papo hapo yakawa tegemeo la msafiri wa kawaida na mizigo yake.

Leo 504 iliyosalimika na kutu ni mali. Wenye nazo, wengi wao vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Andersson alipochukua kombe, hawataki kuzifunika turubai. Wanataka kwenda nazo kazini, kuteremka nazo Mombasa, kupita nazo Thika Road bila kupigiwa honi na kila Subaru. Hapo ndipo linapozuka swali: gari lililotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1968 lifanyiwe nini ili liendeshwe leo kwa usalama na kwa raha, bila kuua kile kilicholifanya lipendwe?

Jibu la haraka kwenye gereji nyingi ni injini. Toa hii, funga ya Toyota, mambo yaishe. Mimi naona jibu hilo linaanzia mahali pasipo na tatizo. Injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1971, ikiwa nzima, inatoa nguvu farasi zaidi ya 90 kwa gari lenye uzito wa takriban kilo 1,200. Hizo zinatosha kufuata magari mengine barabarani na kulipita lori mlimani kwa subira kidogo. Kilichobadilika mno tangu miaka ile ni namna magari yanavyosimama na yanavyoshika barabara. Gari lililo mbele yako lina matairi mapana na breki za ABS. Dereva wake akikanyaga pedeli kwa nguvu zote, anasimama katika umbali ambao wewe bado unateleza kumfuata. Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea ni huu: kwanza mipira na viungo vya chini, kisha matairi, breki, springi na shokapu. Injini ije mwisho, na mara nyingi haihitaji zaidi ya kurekebishwa na mtu anayeijua.

Kabla ya kubadilisha chochote, mtu anapaswa kujua gari lake lilikuwaje likiwa jipya. Wengi wanaosema 504 inayumba hawajawahi kuendesha 504 iliyo nzima. Ilisifika kwa kupita kwenye barabara ya vumbi iliyojaa mashimo huku abiria wakiendelea na mazungumzo yao. Springi zake ni laini na ndefu, magurudumu yana nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na shokapu zake hudhibiti mwendo huo bila kuuzuia. Saluni nyingi zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja likipanda na kushuka bila kulisumbua jingine. Steshen wageni, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mzigo, ilikuwa na ekseli moja nzima nyuma na springi mbili kila upande. Hayo ni magari mawili tofauti chini ya jina moja, na fundi anayeshauri dawa moja kwa yote mawili hajaangalia chini.

Kuangalia chini kwenyewe hakuhitaji mashine. Gari linapandishwa kwa jeki na kukalishwa kwenye stendi imara, si kwenye matofali. Fundi anashika tairi la mbele juu na chini, analisukuma na kulivuta: likicheza, kuna boljointi au beringi iliyochoka. Anashika tena kushoto na kulia: likicheza, shaka inahamia kwenye tairodi au kwenye raki ya usukani. Kisha anachukua mtaimbo mfupi, anauingiza kati ya mkono wa chini na chasisi, na kuusukuma polepole huku akimulika bushi kwa tochi. Bushi nzima hujivuta kidogo na kurudi palepale. Iliyokufa huachana na chuma chake, unaona ufa mweusi ukifunguka na kufumba, na pembeni mpira umevimba na kung'aa kwa mafuta yaliyovuja kutoka kwenye injini. Gari lenye bushi za namna hiyo hubadilisha mwelekeo wa magurudumu kila breki zinapokanyagwa na kila linapoingia kona. Hata ulifungie shokapu za bei gani, halitatulia.

Bushi za plastiki ngumu zinazouzwa kwa magari ya mashindano zina wapenzi wengi. Kwa 504 ya barabarani nazikataa. Zinaondoa mchezo mdogo, kweli, lakini zinapeleka kila mtetemo kwenye bodi, na bodi ya miaka 40 au zaidi ina maungio ambayo yameshaanza kuchoka. Mpira mpya wa kawaida, uliokazwa gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, unarejesha zaidi ya nusu ya kile watu wanachokitafuta. Ukikazwa gari likining'inia kwenye jeki, bushi inakaa imejipinda muda wote na inakufa mapema. Hili ni kosa la kila siku kwenye gereji zetu, na halina gharama yoyote kulikwepa.

Baada ya hapo matairi. Hakuna badiliko jingine linaloligusa gari zima kwa pesa kidogo namna hii, kwa sababu kuongeza mwendo, kupiga kona na kusimama vyote hupitia kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kisichozidi sana kiganja cha mkono. Soma ubavu wa tairi lako. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya kutunzwa hutembea kidogo, hivyo matairi yake hufa kwa umri huku kashata zikiwa bado ndefu. Mpira umekauka, umekuwa mgumu, na kwenye lami iliyolowa mvua ya kwanza hauna tofauti kubwa na plastiki. Mtu anaona kashata nzuri anaridhika, na tairi la mtumba linapouzwa ni hizo kashata anazoonyeshwa.

Saizi nayo ina hesabu yake. Saluni ya 504 ilitoka na matairi ya 175 ya inchi 14, yenye ubavu mrefu, kipenyo chake kikiwa karibu milimita 635. Wengi hufunga 185/70R14 kwa kuwa hupatikana kwa urahisi. Kipenyo cha hilo ni karibu milimita 615. Umepoteza sentimita moja ya urefu kutoka chini, gia zote zimekuwa fupi kwa asilimia 3 hivi, na spidomita inasoma zaidi ya mwendo wako halisi. Saizi ya 195/70R14, kwa milimita 629, iko karibu zaidi na ya asili, mradi upana wa rimu unairuhusu. Kwenda zaidi ya hapo ni kutafuta matatizo. Rimu pana zilizotokeza nje huhamisha mahali tairi linapogusa barabara, likaenda mbali na mstari ambao gurudumu huzungukia. Usukani unakuwa mzito, kila shimo linauvuta mkononi, na beringi zinabeba mzigo ambao hazikupimiwa.

Breki zinahitaji kusemwa kwa mkazo. Nishati ambayo breki inapaswa kuigeuza kuwa joto hukua kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa lina nishati mara mbili na robo ya lile linalokwenda 80. Kwenye tambarare dereva hasikii tofauti hiyo mpaka siku ya dharura. Kwenye mteremko mrefu anaisikia: Kitonga kule Iringa, au ile barabara inayoteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Breki inashikwa, inaachwa, inashikwa tena, joto linapanda, na mafuta ya breki yaliyozeeka yanachemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya kabisa yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli inazama mpaka sakafuni bila gari kupungua mwendo. Pwani, kwenye unyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja, sioni sababu ya kuyaacha zaidi ya miaka miwili.

Saluni ya 504 ilibahatika: nyingi zilitoka na breki za diski magurudumu yote manne, jambo ambalo magari mengi ya daraja lake hayakuwa nalo. Kwa hiyo kazi ni kufufua. Kalipa zifunguliwe, pistoni zilizoshika kutu zibadilishwe, mipira ya breki iliyovimba ndani itolewe hata kama kwa nje inaonekana safi, na pedi ziwe za kampuni inayojulikana. Mambo ni tofauti kwa mwenye Volkswagen kobe ya miaka ya 60 au Datsun 1200 yenye dramu mbele. Hapo kufunga diski za mbele ni badiliko linalostahili kila shilingi, kwa sababu dramu hunasa joto ndani, hupanuka na kuachana na viatu vyake. Lakini tahadhari: ukiimarisha breki za nyuma kuliko za mbele, gari linageuka kabla hujajua kinachotokea, kwa kuwa wakati wa kusimama uzito mwingi unakimbilia mbele. Na gari lolote ambalo bado lina masta silinda ya mkondo mmoja lipewe ya mikondo miwili kabla ya kupewa kitu kingine. Mpira mmoja ukipasuka kwenye mkondo mmoja, breki zote nne zimekwenda.

Sasa springi, na hapa ndipo magari mengi mazuri yanapoharibiwa. Kijana ameona picha ya gari la zamani lililolazwa chini, matairi yamefichwa na madigadi. Anakwenda kwa fundi, fundi anachukua grainda na kukata duara moja au mawili ya springi. Gari linapendeza likiwa limeegeshwa. Likitembea, mambo matatu yanatokea kwa pamoja. La kwanza ni la wazi: nafasi ya gurudumu kupanda imepungua, hivyo kila tuta linapiga chuma kwa chuma, na shokapu inayofanya kazi karibu na mwisho wa safari yake inapasuka sili.

La pili na la tatu hayaonekani kwa macho, na ndiyo yenye hatari. Mbele ya 504, kama ilivyo kwenye magari mengi ya miaka hiyo, shokapu na springi vimesimama kama nguzo moja juu ya mkono wa chini. Gari likiwa kwenye urefu wake sahihi, linapoinama kwenye kona, mkono ule unasaidia kulisimamisha tairi vizuri juu ya lami. Ukilishusha sana, mkono unapinda kuelekea juu upande wa tairi. Kuanzia hapo kila bodi inapoinama, tairi la nje linaegemea nje na kukanyaga kwa ukingo wake tu. Umenunua matairi mapana, kisha ukayanyima lami. Tena, kuna nukta isiyoonekana ambayo bodi huizunguka inapoinama, na nukta hiyo hutegemea pembe ya ule mkono. Ukishusha gari kwa sentimita tano, uzito wa bodi unashuka sentimita tano, ila nukta ile inashuka zaidi. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kuinama kuliko ilivyokuwa nayo mwanzo. Ndiyo maana gari lililokatwa springi huhitaji springi ngumu mno ili litulie, na springi ngumu mno kwenye barabara zetu hulifanya tairi liruke badala ya kushika.

Walioelewa hili mapema ni watu wa Safari. Magari yao yaliinuliwa, chini yakafungwa bamba la kukinga injini, na nguvu zao nyingi zikaenda kwenye shokapu, maungio ya bodi na mikono ya magurudumu. Ushahidi mzuri uko kwenye mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic Rally, yaliyoanza mwaka 2003. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari ya zamani ilipokuwa kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia; mwaka 1978 ilishika nafasi ya pili na ya nne. Björn Waldegård, aliyekuwa wa nne mwaka huo, alirudi mwaka 2011 akiwa na miaka 68 na kushinda Classic kwa 911. Mwaka 2015 Stig Blomqvist akafanya vivyo hivyo. Magari hayo bado yalikuwa na injini za kupoozwa kwa hewa na umbo lilelile. Tofauti kubwa ilikuwa chini yake: shokapu za kisasa zenye safari ndefu na bodi iliyoimarishwa. Kwa mwenye 504 fundisho ni la moja kwa moja. Baki na urefu wa kiwandani, au shuka kwa kiasi kidogo sana kama gari ni la lami tu. Tafuta springi mpya za kipimo cha asili, kwa sababu za zamani zimelegea, na weka pesa kwenye shokapu bora za gesi. Ukitaka bodi isiiname sana, ongeza unene wa stabilaiza ya mbele kidogo kabla ya kugusa ya nyuma. Stabilaiza nene nyuma hufanya mkia utoke mapema, na kwenye changarawe au mvua si kila dereva atauwahi.

Nikifika kwenye injini, nianze na hewa, maana Afrika Mashariki ina jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kabureta haijui habari hizo. Inaendelea kutoa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Matokeo yake ni plagi nyeusi, moshi, uvivu na mafuta kuliwa, na mwenye gari anahitimisha kwamba injini imechoka. Kubadilisha jeti kuu ya kabureta ili iendane na mahali gari linapoishi ni kazi ya asubuhi moja. Ongeza mfumo wa elektroniki wa kuwasha badala ya pointi ndani ya distribyuta, pima presha ya kila silinda, rekebisha vali, na 504 itakuonyesha nguvu ambazo ulidhani lazima uzinunue.

Wengine wanaogopa petroli ya siku hizi. Mafuta yenye risasi yaliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara ifikapo mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ilikuwa pia inalinda vikalio vya vali. Hofu hii ina msingi kwa injini zenye kichwa cha chuma cha kuyeyushwa, kama za Morris za zamani, ambazo vikalio vyake vimechongwa kwenye chuma hichohicho. Kichwa cha 504 ni cha alumini chenye vikalio vigumu vilivyopachikwa, na hakina shida hiyo.

Kuna mabadiliko mawili ya upande wa injini ninayoyaunga mkono bila kusita. La kwanza ni gia boksi ya gia tano. Peugeot 505, iliyotoka 1979, ilijengwa juu ya misingi ya 504, na gia boksi yake ya gia tano ni jamaa wa karibu kiasi kwamba fundi mzoefu wa Peugeot anaweza kuiingiza bila kukata bodi. Injini inashuka mizunguko kwenye barabara kuu, kelele zinapungua, na safari ya saa tano haimchoshi mtu. La pili ni upoozaji: rejeta iliyosafishwa au kutengenezwa upya, na feni ya umeme yenye swichi ya joto, kwa sababu foleni za Nairobi na Dar es Salaam hazikuwapo wahandisi wa Peugeot walipopiga hesabu zao.

Kubadilisha injini nzima ni habari nyingine. Inawezekana, na imefanywa mara nyingi. Lakini injini mpya ina uzito wake, na uzito huo ukizidi mbele unavuruga kila kitu ulichokirekebisha kwenye springi na breki. Ina nguvu ambazo difu ya 504 haikuumbwa kuzibeba. Ina waya, kompyuta na pampu ambazo fundi anayefuata hatazijua. Pia namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ikiwa chuma kilicho chini ya boneti hakilingani na karatasi, unatembea na tatizo la polisi, la bima na la mauzo kwa wakati mmoja. Mwenye gari ambalo injini yake imekufa kabisa na spea hazipatikani ana sababu. Mwenye injini inayofufulika hana.

Lipo pia suala la thamani, ambalo wapenda magari hugombania hadi usiku. Wapo wanaoona badiliko lolote ni dhambi. Ukienda kwenye mashindano ya magari ya kutunzwa, Concours d'Elegance, pale Ngong Racecourse, Nairobi, utawakuta wakipekua hata aina ya skrubu. Upande wa pili wapo kama kampuni ya Singer ya California, wanaolivunja Porsche 911 lote na kulijenga upya kwa mamilioni ya shilingi. Mimi nasimama na mtu wa kati, anayeliendesha gari lake kila wiki. Kwake kipimo kiwe uwezekano wa kurudi nyuma. Diski, shokapu, gia boksi na feni vinafungwa kwa bolti na vinaweza kutolewa. Chasisi iliyokatwa na madigadi yaliyopanuliwa kwa nyundo havirudi. Kifaa chochote cha asili unachokitoa kipakwe grisi, kifungwe na kuhifadhiwa, kwa kuwa siku ya kuuza mnunuzi makini atakiulizia.

Usisahau mikanda ya usalama. 504 nyingi za zamani nyuma hazina, na zilizo nazo mbele zina mikanda iliyooza kwa jua. Hiyo haiongezi mwendo, lakini gari linalokimbia na familia ndani bila mikanda mizima halijakamilika, hata liwe na shokapu za mashindano.

Kwa hiyo, mwenye 504 aliye na pesa za kufanya jambo moja tu mwezi huu, nakuomba uache kupiga simu kwa muuza injini. Soma tarakimu nne kwenye ubavu wa matairi yako, kisha mwulize fundi wako mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Kama matairi yana zaidi ya miaka kumi, au kama fundi hakumbuki, pesa zako zimeshapata kazi.